Shikamoo Baada ya Tikiti

Kwenye kibanda cha mama mkwe wangu hukusalimia ukifika. Ulisalimia ukishakula. Mimi sikulijua hilo siku niliyoletwa Kamanga kuolewa. Nilishuka kwenye kivuko na kitenge changu kipya, nikampigia magoti palepale mavumbini nikasema, "Shikamoo mama." Abiria waliokuwa wamekaa kwenye benchi lake wakaguna. Alinijibu, kwa sababu Bernadeta hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu bila jibu, lakini alinijibu huku amenikata jicho. Kisha akanipa kipande cha tikiti. "Hapa mtu anakula kwanza," akasema. "Salamu baadaye. Utazoea." Nilitamani kugeuza nirudi kwetu Magu na kivuko kilekile.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikianza na hasira zangu nitaruka mambo.

Shamba lilikuwa la Chenge, baba mkwe wa Bernadeta. Lilikuwa ukingoni mwa ziwa, penye udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Chenge ujanani alikuwa kuli kwenye meli za ziwani, na siku moja akarudi nyumbani na mbegu alizofunga kwenye ncha ya shuka. Alikozitoa hakumwambia mtu mpaka anaingia kaburini. Alizipanda, akachagua matikiti matamu, yaliyopooza akawapa ng'ombe, mwaka hadi mwaka, mpaka akapata tikiti lisilofanana na la mtu yeyote. Nje lilikuwa limepauka, baya, ungedhani ni boga lililosahaulika shambani. Ukilipasua ndani jekundu mpaka karibu na ganda, na mbegu zake nyeupe zenye ukingo mweusi, kama zimezungushiwa wino. Utamu wake mimi sina maneno. Watu walichelewesha safari kwa ajili yake, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Baada ya Chenge akalima mwanawe Maige, naye akafa mapema, akamwachia Bernadeta shamba, mtoto mgongoni na sheria za mzee.

Sheria yenyewe ilikuwa hii: tikiti la Chenge haliuzwi zima. Linakatwa mbele yako, unakula umekaa, na mbegu unazitema kwenye beseni la bati lililo miguuni pako. Ganda linabaki, mbegu zinabaki, wewe unaondoka na utamu wako tumboni. Ndiyo maana tikiti lile lilikuwepo Kamanga tu, dunia nzima.

Sasa watu si wajinga. Walificha mbegu shavuni. Hapo ndipo mzee Chenge alipotunga dawa yake ya salamu. Ukimaliza kula unasimama mbele ya mwenye tikiti, unasema, "Shikamoo," kwa sauti, vizuri, kama mtoto wa watu. Mwenye mbegu shavuni hafiki mbali; akifungua mdomo tu imemtoka. Na kama wewe ndiye mkubwa kwa umri, Bernadeta alisimama yeye, akakunja goti, akasema, "Shikamoo baba," akakungojea. Utafanyaje? Mtu mzima huwezi kunyamazia shikamoo. Nimewaona wazee wa heshima zao, wenye fimbo na makoti, wanajibu marahaba na mbegu inawadondokea kifuani. Hakuwacheka. Aliiokota, akaitia kwenye beseni, akawatakia safari njema.

Jioni aliziosha ziwani na kuzichagua. Zilizonona alizipaka majivu, akazitia kwenye kibuyu kimoja, akaziba kwa gunzi la mahindi, kibuyu kikaning'inizwa juu ya mafiga penye moshi. Kila alfajiri, kabla hajawasha moto, alikitikisa karibu na sikio. Kikilia, siku imeanza. Mbegu zilizosalia alizikaanga kwa chumvi, akawagawia wateja bure. "Kuleni," aliwaambia. "Mtakula, hamtapanda." Halafu anacheka peke yake mpaka mabega yanatikisika.

Mimi nilimwona mchoyo. Nasema ukweli. Mwanamke wa kanisani, anayempa mgeni kitanda chake akalala chini, halafu mbegu ya tikiti anailinda kama ana maadui saba. Nilimwuliza siku moja, "Mama, ukimpa mtu mbegu utapungukiwa nini?" Akaniambia, "Mama Shimba, mimi nilikabidhiwa. Kitu ulichokabidhiwa hukigawi." Shimba ndiye mwanangu wa kwanza. Moyoni nikasema, mchoyo tu.

Basi ikaja miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yakajaa sabuni na redio, mitumba ikamwagwa barabarani, malori ya samaki yakawa yanapishana kufuata sangara. Pamba nayo akainunua kila mwenye mizani, na kinu cha kuchambulia pamba alichokuwa anafanya kazi mume wangu Luhaga kikakaa kimya. Luhaga akarudi nyumbani na godoro kichwani. Mwanaume aliyezoea king'ora cha asubuhi na asubuhi, sasa anakaa kwenye jiwe anaangalia mama yake akikata matikiti. Alikuwa anaungua ndani. Niliona.

Katika wateja wa wakati ule alikuwepo mtu wa Buhongwa, Ngosha, mfanyabiashara mwenye pikapu chakavu, mcheshi. Mara ya kwanza alipoambiwa asimame asalimie alianza kucheka mwenyewe, akatema mbegu kiganjani, akamkabidhi mama mkwe. "Umenishika, mama," akasema. "Shikamoo." Hata Bernadeta alimpenda. Alisema, huyu angalau ana haya.

Haya gani. Ngosha akaanza kukaa na Luhaga nyuma ya mitumbwi. Siku hizi ni soko huria, bwana. Hoteli za mjini zinataka tikiti zima, zilikate zenyewe, liwekwe kwenye friji. Hizi habari za kumkalisha mtu benchi na kumtemesha mbegu ni za enzi za babu. Luhaga akamwambia mama yake, mama akasema hapana, na akarudia kuchagua mbegu zake. Nilidhani yameishia hapo.

Mwaka huohuo tulipata msiba Sengerema, upande wa kina mama mkwe. Tukaenda mimi na yeye, tukalala matanga, tukarudi tumechoka, nguo zimejaa vumbi. Njia ya nyumbani inapita katikati ya shamba. Mama mkwe alikuwa mbele. Akasimama ghafla nikamgonga mgongoni.

Majani yalikuwepo. Mitambao ilikuwepo. Matikiti hayakuwepo. Hata moja. Palibaki alama za mviringo kwenye udongo pale yalipokuwa yamelala, na alama za matairi mpaka barabarani. Luhaga alikuwa amekaa pembeni, amevaa shati safi.

"Yamekatiwa wapi?" mama mkwe akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hayakukatwa, mama," Luhaga akajibu.

Bernadeta alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, palepale kwenye majani, akaanza kupapasa zile alama za mviringo moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Nilikuwa nimemwita mchoyo miaka yote, lakini siku ile nilishikwa na hofu ambayo sikuijua jina. Nikamwambia Luhaga maneno ambayo mke hamwambii mume, na sijajuta mpaka leo.

Usiku huo hakula mtu. Asubuhi nikajua leo ni leo, mama atamkana mwanawe. Luhaga akaja jikoni, kichwa chini, "Shikamoo mama." Na Bernadeta, huku anapuliza moto, akajibu, "Marahaba."

Luhaga alipotoka nikamwuliza, mama, hata huyu? Akaniangalia kama mimi ndiye mwenye kosa. "Nikimnyima marahaba nitakuwa nimemlaani," akasema. "Mimi nimekasirika tu. Sijamlaani mtu, na sitamlaani mtu maisha yangu yote."

Kitu kimoja tu kilibadilika. Kibuyu cha mbegu kiliondoka juu ya mafiga. Alishaona kwamba mwizi anaweza kutoka tumboni mwake, basi akakihamisha, na hakumwambia mtu amekiweka wapi. Msimu wa kupanda ukifika anatoka nacho alfajiri, anapanda, anavuna, anachagua mbegu mpya, kinapotea tena. Matikiti yaliendelea. Ngosha hakuonekana tena Kamanga, na Luhaga alishika jembe bila kuambiwa. Nilianza kuamini tumepona.

Halafu ikaja mvua ya El-Nino, mwishoni mwa tisini na saba. Walioiona hawahitaji kuelezwa. Ilinyesha ikasahau kuacha. Ziwa likapanda, likaingia shambani, likaja mpaka kwenye miguu ya kihenge, kile kighala chetu cha mahindi. Tulihamisha mahindi, tukahamisha mbuzi, tukahamisha watoto. Mama mkwe alikuwa anazunguka kihenge na jembe, mvua inampiga, hataki msaada. Nikamfuata. Alikuwa anachimba chini ya kihenge. Chini, jamani. Kibuyu alikuwa amekifukia ardhini, hatua chache kutoka ziwani, ili sisi tusikione.

Kilitoka kimejaa matope. Akakifuta kwa khanga yake, akakipeleka sikioni, akakitikisa. Hakikulia. Akatikisa tena kwa nguvu, ndani kukajigonga kitu kizito, kimoja, kama uji ulioganda. Akalichomoa gunzi. Harufu iliyotoka mle nisingependa kuikumbuka. Mbegu zilikuwa zimeota humohumo gizani, vikonyo vyeupe, virefu, vimesokotana, vimeoza. Aliingiza vidole akatafuta hata moja ngumu. Akatafuta mpaka kibuyu kikapasuka mikononi mwake.

"Nimeziua mwenyewe," akasema. Akalirudia neno hilo kutwa nzima. Mle ndani ya kibuyu hamkuwa na Ngosha wala Luhaga wa kulaumu. Juu ya moshi zingekuwa kavu kama mfupa.

Mwaka uliofuata hatukuwa na tikiti. Watu walishuka kwenye kivuko, wakaja kibandani, wakakuta mahindi ya kuchemsha. Wengine walidhani ni mzaha. Alikuwa bado anaweka beseni la bati miguuni mwa benchi, kwa mazoea, halafu anakumbuka, anaondoa. Alikonda. Alfajiri nilimsikia jikoni anasimama pale kilipokuwa kibuyu, kabla hajawasha moto. Mimi niliyemwita mchoyo nilikuwa nalia chini ya shuka. Tulijaribu mbegu za dukani. Yalitoka matikiti ya kijani, mazuri ya kupigwa picha, na ladha yake maji ya bomba. Akawapa ng'ombe.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa Luhaga alipoenda Buhongwa kutazama ndama, akarudi bila ndama, mbio, jasho linamtiririka. "Mama," akasema, "nimekula tikiti la babu."

Ilibidi tumkalishe. Akaeleza. Kuna genge karibu na barabara ya Shinyanga, binti anauza matikiti, nje yamepauka, ndani mekundu, mbegu nyeupe ukingo mweusi. Aliomba auziwe moja zima, binti akakataa. Na mbegu wanazikusanya kwenye beseni. Hakumaliza hata kipande, aliondoka mbio kuwahi kivuko.

Mama mkwe aliuliza jambo moja tu, kama utamu ni uleule. Luhaga akaanza kulia kama mtoto, mwanaume mzima. Kesho yake Bernadeta akavaa nguo za kanisani, akaniambia, "Mama Shimba, twende."

Tulipofika Buhongwa tulilikuta genge lenyewe: turubai la bluu, meza, benchi, beseni la plastiki. Binti mwenyewe anaitwa Winnie, mdogo bado, kichwani amefunga kitambaa cheusi. Matikiti yetu yamejipanga nyuma yake. Mama mkwe alifungua mdomo amsalimie, binti akamwahi. "Kaa kwanza, bibi," akasema. "Hapa kwetu mtu anakula kwanza. Salamu baadaye."

Nilitazamana na mama mkwe. Uso wake ulikuwa umekufa. Tukakaa.

Alikula kipande cha kwanza polepole, macho ameyafumba, na mbegu zote akazitema kwenye beseni, kwa adabu. Halafu akasema, "Mwanangu, tikiti hili ni langu. Lilianzishwa na mkwe wangu, Chenge wa Kamanga."

Winnie hakukasirika. Pengine angekasirika ingekuwa nafuu. Alitabasamu, ule upole ambao tunawapa wazee waliochanganyikiwa. "Bibi, kila wiki anakuja mtu anasema ni la kwao. Hili ni tikiti la Ngosha. Ndiye baba yangu, amefariki mwaka jana. Hakutuachia nyumba wala ng'ombe, ametuachia hili. Na ametuambia mbegu isitoke nje ya ukoo."

"Niuzie moja zima," mama mkwe akasema.

"Haliuzwi zima, bibi. Lakini chukua hizi, ni bure." Na akamwekea kiganjani mbegu zilizokaangwa kwa chumvi.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, ya baba mwizi na mtoto wa mwizi, na ningeyasema soko zima lisikie. Mama mkwe akanishika mkono akanivuta chini. Alikuwa anakitazama kile kitambaa cheusi. "Kipande kingine," akasema.

Akala cha pili. Alikula kwa muda mrefu, anatema moja, anatulia, anatema nyingine. Alipomaliza akajifuta midomo, akasimama. Binti naye akasimama, akazunguka meza, akakunja goti mbele yake, vizuri, kama mtoto wa watu.

"Shikamoo bibi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Shavu la kulia la mama mkwe wangu lilikuwa limejaa kidogo, kidogo sana, mtu asiyemjua asingeona. Bernadeta, aliyewashika mapadri na wazee wa baraza, alikuwa na mbegu mdomoni, na mbele yake mtego wa mkwe wake mwenyewe umetegwa na mtoto ambaye hajui ulikotoka. Nilimwona anamtazama yule binti, na macho yake yanajaa maji. Mwanamke aliyesema hatamlaani mtu maisha yake yote.

Akageuka, akaondoka.

"Shikamoo bibi," Winnie akarudia, kwa nguvu. Watu wakageuka. Mwenye nyanya akasema, huyu bibi ana kiburi cha wapi, yatima anamsalimia anampa kisogo. Bernadeta anatembea tu, mgongo umenyooka. Nilimfuata huku naona aibu mpaka masikio yananiwaka. Winnie angeweza kutukimbilia, lakini angefanya nini? Nani atamshika bibi wa watu amfungue mdomo? Alibaki amepiga goti. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa bado yuko vile.

Njia nzima hakusema neno. Nauli nimelipa mimi, maswali nimejibu mimi. Kwenye kivuko tulikutana na katekista wetu, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, mama." Mama mkwe akaangalia maji. Yule mzee alibaki ameduwaa, kofia mkononi. Tuliposhuka Kamanga walimsalimia wavuvi, walimsalimia wanaosuka mikeka, watoto wa shule wakamwimbia shikamoo kwa pamoja kama kawaida yao. Kimya. Nilisikia nyuma yetu wanaanza kunong'ona, amepatwa na nini, amefungwa kinywa. Yeye anapita, machozi yanamtelemka, midomo ameibana.

Luhaga alikuwa anatungojea mlangoni. "Shikamoo mama."

Akamwonyesha kwa kidole beseni la bati. Luhaga akalileta mbio. Bernadeta akainama, akazitema. Zililia kwenye bati. Zilikuwa chache, hazijazi hata kiganja cha mtoto, nyeupe zenye ukingo mweusi. Alizitazama, akakaa chini ukutani.

"Marahaba, Luhaga," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. Kisha akamgeukia Shimba aliyesimama nyuma ya baba yake, akaniangalia mimi, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msibani. "Nimemwacha mtoto wa watu amepiga goti. Amefiwa, na nimemwacha amepiga goti."

Tulidhani atatulia zikishaota. Ziliota. Alizipanda juu, mbali na maji, na kibuyu kipya kikaning'inizwa juu ya mafiga mahali ambapo hata mgeni angekiona. Lakini hakutulia. Kila akisalimiwa na mtoto alishtuka. Alikula bila hamu. Tikiti la kwanza lilipoiva, pale kikonyo chake kiliponyauka, Luhaga alileta kisu. Mama mkwe akamwambia akirudishe.

"Halikatwi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Tangu enzi za Chenge mpaka siku ile, ukiacha ule wizi wetu wenyewe, hakuna tikiti lililotoka Kamanga zima. Alilifunga kwenye khanga yake ya kanisani, akalibeba mgongoni kama mtoto, na hakutaka nimpokee hata kwenye ngazi za kivuko.

Winnie alimtambua kutoka mbali. Niliona uso wake unavyojifunga. Mama mkwe akalifungua tikiti, akaliweka mezani, zima, limepauka, katikati ya yale mengine. Huwezi kulitofautisha.

Binti akalipapasa. "Umelitoa wapi hili?"

"Shambani kwangu. Siku ile nilikuwa na mbegu zako mdomoni."

Mimi nilikuwa najiandaa kutukanwa, maana tulistahili. Winnie aliliangalia tikiti, akaangalia beseni lake. "Baba alikuwa anasimulia," akasema mwisho, "kwamba salamu ya kumaliza kula alifundishwa na mama mmoja wa ng'ambo, aliyemshika na mbegu. Alikuwa anacheka sana akisimulia. Tikiti hakusema lilitoka wapi."

Nikamgeukia mama mkwe. Sasa mwambie, nikasema moyoni. Mwambie baba yake alibeba shamba zima kwenye pikapu. Mdomo wangu ulikuwa unawasha.

Hakusema. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha mkono. Winnie akachukua kisu, akakata kipande kwenye tikiti lake mwenyewe, akampa, na beseni akalisogeza kwa mguu mpaka karibu kabisa. Bernadeta akala. Kila mbegu aliyoipata aliitema mle ndani, moja moja, na nilizisikia zote. Alipomaliza akafungua mdomo wazi kama mtoto anayeonyesha jino, binti akatazama. Halafu mama mkwe wangu akasimama, akajifuta mikono, akangoja.

Binti alisita. Akakunja goti nusu, kama mtu asiyeamini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bernadeta, kwa sauti iliyomfikia hata yule mwenye nyanya. "Na ile ya siku ile, marahaba."